Jeshi Lililokawia Kushuka

Zita alikuwa hoi, lakini wanaume wawili waliokaa mbele yake kwenye gari la Kasanga hawakuchoka kujadili mchezo wa vita wa kwenye simu.

"Mzee wangu, nimevusha jeshi zima baharini," kijana alilalamika. "Kila zamu unashusha shehena moja tu. Yakatangulia mahema, adui akawakuta askari bado wako melini."

"Askari uliwapakia lini?" aliuliza mzee, mpakizi wa bandarini.

"Mwanzo kabisa, ili wawahi."

"Ndiyo maana. Cha kushuka kwanza hupakiwa mwisho."

"Huu ni mchezo, mzee, siyo boti."

"Haya, endelea kuwaponza watoto wa watu."

Gari likasimama Matai. Zita akawa wa kwanza kushuka. Gunia lake la ulezi, alilodamka kulipakia kabla ya abiria wote, lilikuwa chini ya mizigo yote.