Kijiko cha Verlin Kilichozimika Mbele ya Ushirika

Ndani ya duka la ushirika wa wakulima pale Hessle, Dakota Kaskazini, kati ya magunia ya chumvi na rafu ya glavu, kuna benchi refu lililotolewa kanisani siku waumini waliponunua viti. Tangu theluji ya kwanza hadi matope ya Aprili, wazee watatu hulikalia kila asubuhi, wakinywa kahawa nyepesi mpaka kitako cha kikombe kinaonekana, na kutengeneza kwa mdomo kila mashine iliyoharibika wilaya nzima. Wa kwanza ni Duane Schlecht, anayeitwa Daktari, ambaye trekta lake mwenyewe limelala vipande vipande ghalani tangu binti yake alipoolewa, na binti huyo sasa ana wajukuu. Wa pili ni Ambrose Feist, anayeitwa Redio, kwa kuwa huisikiliza mchana kutwa na kuamini nusu, na ile nusu nyingine huiongeza mwenyewe. Wa tatu ni Milo Krabbenhoft, Methali. Huyo hana la kwake. Kila neno amerithi kwa bibi yake, ila bibi hakumwambia litumike wapi.

Asubuhi hiyo ya Januari mlango ulifunguka, baridi ikaingia kama mdai, na nyuma yake akaingia Verlin Tveit. Nje ya dirisha, juu ya trela, kilikaa kijiko chake kidogo cha dizeli, mashine ya kunyanyulia mizigo, kile cha magurudumu manne kinachogeuka palepale kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

— Kimezimika tena? Daktari akauliza bila kugeuka.

— Kimezimika. Nimekipandisha kwenye trela, kikafia hukohuko juu. Nikasema basi, twende wote mjini tukafie mbele za watu.

— Kaa, jirani. Kahawa hiyo. Eleza ugonjwa taratibu, usiruke kitu.

Verlin akakaa. Alikuwa na miaka sitini na tisa na bega la kulia lisilopanda juu ya kifua. Ng'ombe wake wa nyama tisini walikuwa uwanjani wakimsubiri, na kila robota la nyasi lilikuwa kubwa kuliko gari dogo. Bila kijiko hakuna robota linalosogea. Fundi wa mji wa pili alikuwa na kazi hadi mwezi ujao. Dhoruba ilitangazwa kufika jioni.

— Nakiwasha, kinawaka vizuri, akasema. Napeleka robota la kwanza, la pili. Kwenye la tatu kinaanza kukohoa, nguvu zinakwisha, kinazimika. Nikikiacha nikaenda kunywa chai, nikirudi kinawaka kama vile hakikuniudhi. Kisha yaleyale.

— Mafuta hayafiki kwenye injini, Daktari akatamka.

— Hilo hata ng'ombe wameshalijua, Daktari. Hayafiki kwa nini?

— Dizeli imeganda. Baridi hii inaigeuza samli.

— Nimetia dawa ya baridi. Nimebadilisha filta mara mbili.

— Maji, basi! Yamo kwenye tangi.

— Lazima yamo, akadakia Methali. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayakumwagika, Milo.

— Ndiyo nasema. Kwa hiyo yamo.

Verlin akaeleza kwa subira kwamba alikwisha kumwaga kikombe cha chini ya filta, na dizeli ilitoka safi kama machozi. Daktari akahamia kwenye hewa: labda mpira wa mafuta umepasuka, unanyonya upepo badala ya dizeli. Verlin akasema amebadilisha mipira yote, amebinya pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikafa ganzi, ametoa hewa yote, hakuna povu.

— Mkono mtupu haulambwi, Methali akasema kwa huruma.

— Nani kataka kulamba?

— Basi ni pampu kubwa, Daktari akasema, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Ile inayolisha nozeli. Imekufa.

Hilo ndilo Verlin alikuwa akiliogopa tangu Jumapili. Pampu mpya ilikuwa ghali kuliko kijiko chenyewe na trela lake.

— Pampu iliyokufa inafufukaje baada ya chai? Redio akauliza, na kwa dakika nzima hilo lilikuwa swali lenye akili kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye benchi lile. Kisha akalijibu mwenyewe. — Ni makombora, bwana.

— Yameanza, Daktari akaguna.

— Sikiliza kwanza! Chini ya mashamba yetu serikali imefukia makombora. Kila moja lina sumaku. Dizeli ina nini?

— Ina dizeli.

— Ina vumbi la chuma, kutoka kwenye mabomba! Sumaku inaivuta chini ya tangi, haipandi. Ukienda kunywa chai, askari wa chini nao wanakunywa chai, wanazima mtambo. Ndiyo maana kinawaka.

— Ambrose, shamba la Verlin halina kombora.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka tuamini.

Verlin akacheka, ingawa hakupenda. Akawatazama wale watatu na kofia zao za masikio, akajitazama na yeye: mtu mzima, ameendesha maili kumi na nane kwenye barafu ili ashauriwe na watu ambao wasingeweza kuwasha kiberiti bila kuunda kamati. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda nje kukiangalia kijiko. Naye hakuwalaumu. Nje palikuwa na baridi, na humu ndani kulikuwa na donati.

— Mimi nitakwambia, Daktari akaanza tena, polepole. Mashine humfuata mwenyewe. Wewe umechoka, Verlin. Bega limechoka. Chombo kimeona mwenye nacho hataki tena kazi, nacho kimegoma. Baba yangu alikuwa na farasi wa hivyo.

Aliisema kwa mzaha, lakini mzaha haukuchekesha. Verlin akazungusha kikombe.

— Nimeongea na mtu wa mnada, akasema. Lori linaweza kuja kabla barabara haijafungwa. Nimemwambia nitampigia saa sita kumpa jibu.

— La kuchukua kijiko?

— La kuchukua ng'ombe.

Wote waliwajua ng'ombe wale. Mama yake Verlin ndiye aliyeanza nao, mtamba mmoja mwekundu aliyepewa harusini, na wote waliofuata walitoka tumboni mwake au mwa binti zake.

— Wote? Redio akauliza.

— Nitawalisha na nini? Uma wa nyasi? Kwa bega hili? Siwezi kuwaacha wafe njaa kwa sababu ya kiburi changu.

Methali akafungua mdomo. Akaufunga. Haikuwahi kutokea.

— Saa ngapi sasa? Verlin akauliza.

— Bado mapema, Daktari akasema haraka, ingawa saa ilikuwa ukutani na kila mtu aliiona ni tano na nusu.

Hapo mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa Mchungaji Janelle Okerlund, mgeni wa miezi miwili kutoka jiji kubwa, amejifunga skafu hadi puani. Alifuata chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ngazi za kanisa. Akawasalimia, wakavua kofia, akapakata mfuko wake wa chumvi kama mtoto.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Ile mashine ya nje ni ya nani?

— Yangu, Mchungaji.

— Nimeipita nikashangaa, maana mimi mambo haya siyajui. Kwenye kifuniko cha tangi pamefungwa mfuko wa nailoni, umekazwa na mpira. Nao umenyonywa ndani, umebonyea kama shavu la bibi asiye na meno. Ule mfuko kazi yake nini?



Daktari akaangalia kahawa yake. Redio akaangalia dari. Methali alikuwa akihangaika na zipu ambayo haikuwa na tatizo. Kwa maana wote walikumbuka kwa pamoja, na Verlin akawaona wakikumbuka: wiki ya Krismasi, kwenye benchi hilihili, alipolalamika kwamba theluji inaingia kwenye katundu ka kifuniko. Daktari ndiye aliyesema pazibwe. Redio akatoa mfuko uliokuwa na mbegu zake za alizeti. Na Methali, huku akigonga goti, akasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kujaza mafuta, Verlin alikuwa akiufunga mfuko ule kwa uangalifu mkubwa, kama mama anavyomfunga mtoto skafu shingoni asipate kikohozi. Alikuwa amezoea mno hata hakuuhesabu kuwa kitu. Nani humwendea daktari akamweleza jinsi anavyofunga kamba za viatu?

— Katundu kale, Daktari akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, ni ka kuingiza hewa. Mafuta yakitoka, hewa iingie. Isipoingia, pampu inavuta, tangi nalo linavuta...

— Linakaza, akasema Verlin.

— Linakaza. Mpaka upumzike, hewa ipenye kidogo kidogo.

— Kwa hiyo mfuko ni wa nini? Mchungaji akauliza tena, maana bado hakuwa amejibiwa.

Verlin alikuwa tayari nje, bila glavu. Alikata ule mpira kwa kisu, akalegeza kifuniko, na tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani. Akakiwasha kijiko, akakiteremsha, akaanza kusukuma theluji ya uwanja wa ushirika, mzunguko baada ya mzunguko. Ndani, wazee watatu na mchungaji walisimama dirishani. Mabonge ya theluji yakarundikana. Wakati wake wa kukohoa ukafika, ukapita, na kijiko hakikukohoa.

Aliporudi ndani masharubu yalikuwa barafu tupu. Akaomba simu ya kaunta, akampigia mtu wa mnada, akasema neno moja tu, hapana, kisha akaongeza asante.

— Verlin, Daktari akaanza. Kuhusu ule mfuko...

— Niliufunga mimi, Duane. Kila siku. Na nilikuwa nauvuta nione kama umekaza vizuri.

Akaanza kucheka, akacheka mpaka bega likamuuma, nao wakacheka kwa uangalifu kidogo, kama watu wasiojua bado kama wamesamehewa.

Alifika shambani theluji ya kwanza ya dhoruba ikianza kupita mlalo. Ng'ombe waliposikia injini waliinua vichwa, wekundu wote, wakaja wakisukumana hadi uzioni. Akawapa robota la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alikisimamisha kijiko, injini ikiwa inanguruma, akakaa tu akiwaangalia wanavyokula.