Mwalimu Wamo na Mtoto wa Arobaini na Moja

Ndugu zangu wafiwa, majirani, walimu mliofundisha na marehemu, na ninyi wadogo mliokaa mbele kwenye mkeka, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu katika karatasi hii kuna sehemu ambayo tangu jana naiogopa, nimeikata mara tatu na mara tatu nimeirudisha.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Wamo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, na mama alikuwa akitusimulia kwamba alikuwa mtoto mkimya mwenye macho makubwa, aliyekubali kubebwa na mtu yeyote, hata mgeni aliyeingia kuomba maji. Kwa hiyo wanaosema alizaliwa mwoga wanakosea.

Woga ulimwingia tarehe 9 Agosti 1967, siku ambayo mama alimtuma stendi ya mabasi kuchukua kifurushi cha vitambaa, akampa na mimi nimsindikize, yeye ana miaka kumi na mimi minne, na pale stendi aliniachia mkono ili afunge kamba ya kiatu, alipoinua kichwa sipo. Alinitafuta kwa saa nne, chini ya mabasi, nyuma ya mizigo, vyooni, akiita mpaka sauti ikamkauka, nami wakati wote huo nilikuwa nimekaa ofisini kwa mkata tiketi nakula mkate. Ule mkate naukumbuka mpaka leo ulivyokuwa mtamu, hofu siikumbuki hata kidogo, hofu yote aliibeba yeye. Tangu siku hiyo kila jioni kabla hatujalala alitupitia mmoja mmoja, akatuwekea kiganja kichwani, akahesabu, akasema, "Wamo wote," ndipo akapanda kitandani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, kisha chuo cha ualimu kwa miaka miwili, na Januari 1977 akaajiriwa kuwa mwalimu wa chekechea katika shule iliyopo mkabala na ghala la saruji, shule moja tu, darasa lile lile lenye madirisha ya bluu, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2012. Kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kupoteza hata kofia ya mtoto. Siku za matembezi aliwashikisha watoto kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake, akawahesabu mlangoni, barabarani, wanapopanda gari na wanaposhuka, hata dereva wa shule akazoea kumtania, "Mwalimu, na tairi nazo zimo zote?" naye akamjibu bila kucheka kwamba hizo ahesabu mwenyewe. Watoto ndio waliompa jina la Mwalimu Wamo.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, karani wa posta, mtu wa utani, aliyependa kuwaambia wageni kwamba yeye alioa mke pamoja na sensa yake, wakajaliwa watoto watatu, binti mmoja ambaye ni muuguzi na vijana wawili ambao ni mafundi umeme, na wote watatu wako hapa mbele yenu. Shemeji alitutoka tarehe 22 Mei 2009, na siku ya kumzika tulimwona dada midomo ikimcheza, anatuhesabu.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Kaka yetu mkubwa, na namheshimu, aliniambia jana kwamba mambo haya hayasomwi msibani, kwamba nitamvua nguo marehemu mbele za watu. Lakini dada mwenyewe, aliponisimulia haya yote akiwa kitandani hospitali, alinishika mkono akaniambia, "Ukiruka hapo, usisome kabisa." Kaka nisamehe, nasoma.

Baada ya kustaafu, dada na walimu wenzake watatu walijichanga wakaanza safari ya kuona nchi za watu kwa mabasi na treni, wakaondoka tarehe 3 Februari 2013, na katika nchi ya pili, kwenye mji mkubwa wa viwanda, wakaonyeshwa kituo cha kulea watoto katika mtaa wa mabanda, mahali ambapo wasafiri kutoka nchi mbalimbali hupita wakajitolea wiki moja au mbili, wakafundisha nyimbo, wakapaka rangi kuta, wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari. Wenzake walisonga mbele, yeye akabaki kujitolea kuanzia tarehe 18 Februari, akilala chumba kimoja na mpishi wa kituo. Lugha ya pale hakuijua, akajifunza tarakimu kwanza, na kabla hajajua kuomba maji alikuwa anaweza kuhesabu mpaka arobaini na moja, kwa maana watoto walikuwa arobaini na mmoja.

Wa arobaini na moja alikuwa binti wa miaka sita hivi, ambaye dada alimwita Kitufe, kwa kuwa kila alipowekewa kiganja kichwani naye alishika kifungo cha sweta ya dada, ambacho dada alikiita kitufe, na hakukiachia mpaka ahesabiwe mara ya pili. Kitufe hakuwa yatima. Mama yake aliosha vyombo kwenye mgahawa na kulala huko huko, akaja kumwona kila Jumapili.

Kituo kilikuwa na desturi iliyomnyima dada usingizi, kwamba mgeni anayejitolea huruhusiwa kumtoa mtoto mmoja mchana mmoja, akamnunulie viatu au kumtembeza mjini, mradi majina mawili yaandikwe kwenye daftari la mlangoni, la mgeni na la mtu mzima mwingine atakayeandamana nao. Dada aligundua upesi kwamba yule wa pili huandika jina tu na kubaki anakunywa chai. Alilalamika, mlezi mkuu akacheka, wasafiri wenzake wakacheka, wakamwambia kwa ishara na kwa lugha ya kuokoteza kwamba anaona majambazi kila mahali. Ndipo tarehe 28 Februari akanipigia simu mimi, ananieleza huku anahema, nami nilikuwa na haraka zangu, nikamwambia maneno ambayo leo nayasema mbele yenu jinsi yalivyonitoka, "Dada, hebu acha woga, watoto wa watu si mayai, siku moja tu ishi kama watu wengine."

Kesho yake, tarehe 1 Machi, saa nane mchana, mgeni mmoja, mtu mpole aliyekuwa ameshinda pale wiki nzima akirekebisha bembea, mtu ambaye watoto walimpanda mgongoni na mpishi alimbakizia chakula, aliomba amtoe Kitufe kwa saa moja, akamnunulie viatu. Mtu wa pili hakuwepo. Wakamgeukia dada. Aliniambia kwamba kila kitu mwilini kilimwambia aende nao au akatae, kisha akakumbuka vicheko vya wale na maneno yangu mimi, akapiga moyo konde, akashika kalamu, akaandika jina lake, akabaki. "Siku moja tu nilitaka nisiwe mwoga," ndivyo alivyoniambia. Kitufe aligeuka getini akaonyesha vidole viwili, yaani akirudi atahesabiwa mara mbili.

Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Saa kumi na moja dada aliwapanga watoto ukutani, akahesabu, akapata arobaini, akahesabu tena kwa kuanzia upande mwingine, arobaini, akaingia jikoni, stoo, vyooni, chini ya vitanda, mahali ambapo alijua fika mtoto hayupo, na mlezi mkuu akawa anamfuata nyuma akisema kwamba labda wamechelewa foleni ya viatu. Wageni waliendelea kuimba na watoto uani, kwa kuwa hawakuambiwa kitu.

Polisi walipoomba picha ya mtoto, kituo hakikuwa nayo hata moja. Mtoto aliyepigwa picha na watu mia hakuwa na picha yake mwenyewe. Dada akawatafuta wasafiri waliokwisha kupita, mmoja mmoja, kwa barua pepe alizoandikiwa na binti yake akiwa huku nyumbani, na baada ya wiki tatu zikarudi picha zaidi ya sabini, kila moja na mgeni anacheka katikati, na Kitufe pembeni, bega, nusu ya uso, mkono uliokatwa na ukingo. Jina ambalo yule mgeni aliandika kwenye daftari halikuwa la mtu yeyote. La pili lilikuwa la dada yangu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Jumapili ya wiki ile ile Kitufe alipotoweka, mama yake alikuja kama kawaida, mikono bado na mikunjo ya maji, akasimama penye mstari wa watoto, na mlezi mkuu akajifungia ofisini. Dada ndiye aliyemwendea. Lugha hakuwa nayo, alikuwa na tarakimu tu, akamwambia, "Arobaini." Yule mama akatabasamu, hakuelewa, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole, taratibu, na alipofika mwisho wa mstari dada akasema tena, "Arobaini," na hapo ndipo alipoelewa. Kilio kile dada alikisikia mpaka siku zake za mwisho, mashine ya kumpima moyo ikilia wodini alifunika masikio.

Alipaswa kukaa wiki mbili, akakaa miezi mitano, hadi kibali chake kilipokwisha, kila siku yeye na yule mama wakishinda stendi za mabasi na stesheni za mji ule wakiwa na picha yenye nusu ya uso, wawili wasioweza kuongea, wanaangalia nyuso za watoto. Ndugu zangu, Kitufe hakupatikana. Mpaka leo hajapatikana, na yule mtu hakukamatwa, na kokote aliko huenda anarekebisha bembea.

Dada alirudi Agosti 2013, akaomba kujitolea kwenye chekechea yake ile ile, na sisi, tofauti na binti yake aliyeitunza siri, tuliona amebadilika bila kujua kwa nini, kwa kuwa aliwahesabu watoto na wajukuu, akafika mwisho, akasema polepole, "na mmoja," kisha akasimama hapo anaangalia mlango. "Wamo wote" hakulitamka tena. Tulidhani ni uzee, na mimi, Mungu anisamehe, nilimtania. Ila mzazi yeyote aliyemtuma jirani kumchukua mtoto shuleni anajua jirani huyo alivyokutana na Mwalimu getini, akasindikizwa naye mpaka mlangoni kwa mzazi, mvua inyeshe, jua liwake.

Ugonjwa wa moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, tarehe 2 Juni mwaka huu 2024 akalazwa, na tarehe 19 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa kichwani kwangu mimi mdogo wake, mzee mzima wa miaka sitini na moja, ananihesabu.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, wauguzi waliomruhusu kuhesabu vitanda vya wodi kila jioni na kumjibu kwamba ni sawa, majirani waliolala nasi hapa tangu siku ya kwanza, na walimu wenzake wa madirisha ya bluu, walioileta ile kamba yake ya mafundo.

Jambo la mwisho ni agizo lake. Mlipoingia getini binti yake aliwahesabu watoto, walikuwa thelathini na wanne, na muda wote nilipokuwa nasoma amekuwa akipita kati yenu kuwahesabu upya, naomba tunyamaze mpaka amalize. Ananionyesha karatasi. Thelathini na wanne. Kila mtu sasa amshike mkono mtoto aliyekuja naye, asiuachie mpaka nyumbani kwake, hata kamba ya kiatu ikifunguka, ifunguke.

Dada, mimi niliyepotea nipo, na hawa wapo. Wa thelathini na tano, Kitufe wako, hayupo, lakini kuanzia leo jioni nitamhesabu mimi, na mlango nitauangalia mimi. Wewe pumzika, dada yangu, pumzika bila hofu.