Hasira za Msumari

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, upande unaowahi kupata kivuli, na mimi nashonea viatu vya watu pale pale mwishoni mwake. Jioni ile tulikaa kama watu waliochapwa. Msumari, seremala, mwenzetu wa miaka nenda rudi, alikuwa rumande kwa kumpiga mkewe nyundo ya kichwa. Mkewe alikuwa akishona sare za shule, na sisi sote tulimwita Shemeji. Alilala hospitali bila kuzinduka, wiki haikwisha akafa. Asubuhi hiyo Msumari alipandishwa kizimbani akasomewa shtaka la mauaji ya kukusudia. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alikuwa anatumiminia bila kututazama usoni.

— Hawawezi! — alifoka Breki, dereva mstaafu wa malori. — Kukusudia? Msumari? Yule hata kunyoa ndevu hakusudii, mpaka tumfukuze!

— Mahakama haiulizi ndevu — alisema Korti. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mpaka alipostaafu, na sheria yake yote aliisikia akiwa amesimama. — Ili iwe mauaji, upande wa mashtaka uthibitishe mambo manne. Kwamba mtu amekufa. Kwamba amekufa kwa kitendo cha mshtakiwa. Kwamba kitendo chenyewe hakikuwa halali, maana aliyekuwa akijitetea ni habari nyingine. Na kwamba alikuwa na nia ovu. Moja likianguka, mauaji yameanguka.

— Basi hilo la pili limeshaanguka — Kinyozi alitoa kichwa mlangoni, mashine inanguruma mkononi. — Shemeji kafia wapi? Hospitali. Waulizwe madaktari walimpa nini.

— Na hospitali alifuata nini, Kinyozi? — Mama Birika alimuuliza. — Alikwenda kunyolewa?

Kinyozi akazima mashine.

— Mama, sisi tunazungumza sheria.

— Na mimi nimekuuliza sheria. Nani alimpeleka kule na fuvu limebonyea?

Korti alikiri kwamba hapo Kinyozi ameteleza. Aliyempiga ndiye aliyeanzisha safari, alisema, na daktari kushindwa kumwokoa hakumtoi mpigaji hatiani.

— Haya, nyundo! — Breki alisimama. — Seremala ana nyundo kama wewe ulivyo na pua. Angetaka kuua si angetafuta panga? Ile ni nyundo ya kazi, ilikuwa mkononi toka asubuhi. Huenda alikuwa anapigilia kitu, Shemeji akapita!

— Akapita na kichwa? — niliuliza.

— Watu wanapita vibaya, Fundi!

— Halafu Msumari anatumia mkono wa kushoto — aliongeza Kinyozi. — Jeraha lilikuwa upande gani? Hamjui. Basi huenda si yeye kabisa. Kuna wezi wa vyerehani mtaa huu, wanaingia wamevaa kama mafundi.

— Polisi walimkuta na nyundo, analia — nilisema.

— Alikuwa ameiokota! Mtu akikuta nyundo yake chini asiiokote?

Mama Birika aliweka birika chini kwa kishindo, kahawa ikaruka mpaka kwenye viatu vyangu vya kushona.

— Mnaona haya nyie? Mmekula pilau ya harusi yake mikono miwili, leo mnamtafutia mwizi wa cherehani?

Breki akakaa. Lakini Korti hakuwa mtu wa kuachia mambo yaishie hapo.

— Tusihangaike na nyundo — alisema, akishusha sauti kama wakili aliyeficha karata. — Kesi ya Msumari iko kwenye hilo la nne. Nia ovu si lazima mtu apange mwezi mzima. Ukidhamiria kuua, au kuumiza vibaya, au ukijua kabisa kwamba unachofanya kitamtoa mtu roho, basi unayo, hata kama umeipata dakika hiyo hiyo. Ila mtu akichokozwa ghafla, damu ikamchemka, akapiga kabla haijapoa, sheria inamwonea huruma. Wanaiita kuua bila kukusudia. Anafungwa, anatoka, tunakunywa naye kahawa.

— Hapo! — Breki alipiga paja. — Hapo umesema! Yule alichokozwa. Mchana ule Shemeji si alimwambia anahama? Anachukua cherehani yake anakwenda kwa dada yake? Mwanamume akiambiwa hivyo ni lori limekatika breki mlimani. Utamlaumu dereva?

— Wewe uliwahi kukatikiwa breki — nilimwambia. — Ulipiga honi mpaka watu wote wakakimbia.

— Na hasira zina kipimo gani? — alidakia Kinyozi. — Za wengine hazipoi. Babu yangu alikasirika akiwa kijana, akafa nazo. Huyo angeua akiwa na miaka tisini, damu bado ni ya moto!

Hata Korti alikuwa anaitikia kwa kichwa. Niliona wamepata pa kushika, na nitasema kweli, na mimi nilitamani pashikike. Tulimpenda Msumari. Kiti ninachokalia kazini alikiunda yeye.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka upande wa kituo cha mabasi, mtandio mweusi, viatu vimejaa vumbi. Alitusalimu vizuri. Macho na paji la uso vilikuwa vya Shemeji vile vile, hakuhitaji kujieleza, ila alijieleza.

— Mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Natoka mahakamani. Samahanini kaka zangu, sitawapotezea muda.

— Pole sana, dada — tulisema pamoja. Breki akavua kofia.

— Nimeshapoa. Mpelelezi ameniambia mdogo wangu alimuaga mumewe saa za mchana, na yeye akatoka nyumbani. Kurudi alirudi alasiri, jua linakwenda. Wakili wake anasema muda wote huo alikuwa na hasira, hakujua afanyalo. Nikauliza alikuwa wapi. Nimeambiwa alikuwa hapa, kwenu.

Breki aliikunja kofia yake mkononi.

— Nataka kujua kitu kimoja tu. Alipoondoka hapa, alikuwa amekasirika?

Nilimtazama Korti, Korti akatazama kikombe. Kinyozi aliingia ndani, tukamsikia akifagia sakafu ambayo ilikuwa imeshafagiliwa. Sote tulikuwa pale siku ile. Msumari alikuja, akacheza drafti na Breki, akamla kingi mbili, akamtania mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Aliagiza kahawa, akarudia. Alinipa pole kwa kidole nilichojichoma sindano. Kisha akajinyoosha, akasema: “Ngoja nikamalize lile jambo nyumbani,” akaenda zake taratibu, anapiga mluzi.

— Kaka zangu?

— Dada — Korti alianza — mambo haya... hasira ni kitu cha moyoni...

— Sikuuliza moyo. Mlimwona.

Alisubiri. Hakulia, hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angetutukana.

Mama Birika ndiye aliyesogea. Alimwaga kahawa yote iliyobaki kwenye mtaro, akazima makaa kwa maji, akajifungua kanga ya kiunoni akajitanda begani.

— Twende, dada yangu. Nionyeshe huyo mpelelezi anakaa wapi. Mimi nilimmiminia kwa mkono wangu.

— Mama Birika! — Breki alisimama tena. — Unajua mauaji ya kukusudia yanalipwa nini? Kitanzi! Ukienda kusema alikuwa anacheka, umemuua!

Mama Birika alimgeukia. Nilidhani atampiga na birika.

— Mimi, Breki? Mimi ndiye niliyeua?

Breki aliketi tena kwenye benchi. Wanawake wale wawili wakaanza kuondoka. Nilichomoa sindano kwenye ngozi, nikaviacha viatu vya watu pale pale chini vilipokuwa, nikawafuata.