Julius Okedi, Aliyeleta Ajono Uwanjani

Tunayemsindikiza leo ni kaka yangu, Julius Okedi. Mimi ni Phiona Ariokot, mdogo wake. Familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu, wanasema, mimi silii haraka. Tutaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, Osukuru, wilaya ya Tororo, mtoto wa tatu wa Mama Aguti na marehemu Mzee Ecweru. Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1979. Kila kitu alikifungua aone ndani kuna nini. Akiwa darasa la nne aliifungua redio ya baba, na mzee akawa anakwenda kusikiliza habari kwa jirani. Alipomaliza chuo cha ufundi Tororo mwaka 1992, hakuna aliyeshangaa kwamba alisomea kuchomelea vyuma.

Mwaka 1994 alifungua karakana Malaba, kando ya foleni ya malori. Trela likikatika popote kati ya Busia na Tororo, madereva walisema, "Ita Okedi." Kazi yake haikurudi mara ya pili, na hilo nalisema kifua mbele.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Amulen, binti wa Busia. Amulen anatengeneza ajono, na hata mbele ya padri siogopi kusema kwamba pombe yake ya wimbi haina mpinzani. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wa kwanza, Paddy, ni golikipa wa timu ya mawakala wa forodha, ambayo kila Boksingi Dei hucheza na madereva wa malori.

Mechi hiyo ndiyo iliyozaa mashine yake. Watazamaji walikuwa wakiuacha mpira na kukimbilia chungu cha ajono kule senta, penye maduka, kwa sababu ajono hainyweki bila maji moto na mirija mirefu. Mabao yakafungwa hawapo, kisha wakabishana wiki nzima. Okedi akasema chungu kitakuja uwanjani. Alichukua pipa liwe chungu, akalifunga magurudumu ya mkokoteni, akasimamisha katikati yake birika la chuma refu kama mtu, lenye jiko la mkaa chini yake. Mirija ilitoka pande zote, watu wanywe wamesimama.

Tarehe 26 Desemba 2022, wakati wa mapumziko, aliijaribu mbele ya uwanja mzima. Alivuta mrija wa kwanza, akainua dole gumba, watu wakapiga makofi. Kisha akazunguka pipa kuwasalimu waliokuwa upande wa pili. Akakutana uso kwa uso na Mama Atai, mama mzazi wa Amulen, aliyekuja kumwona mjukuu wake akicheza. Mama huyo naye alikuwa na mrija wa pipa lilelile mdomoni.

Nyote hapa mnajua: kwetu mkwe hanywi chungu kimoja na mama mkwe wake. Kwenye chungu cha kawaida watu hukaa chini, na kabla ya kushika mrija unatazama nani yupo. Kwa birika lile kaka yangu alijenga ukuta katikati ya chungu, fundi mzima, na hakuliona hilo. Mama Atai alijifunika leso usoni akaondoka mbio. Okedi alichuchumaa nyuma ya gurudumu. Mjomba wetu Okiror akapaza sauti, "Wewe Okedi! Wewe nakunywa na mama ya bibi yako?"

Jioni hiyohiyo wakwe walimchukua Amulen wakarudi naye Busia, mpaka jambo litengenezwe. Nyumba ikapoa. Wengi walimshauri kaka aivunje mashine auze chuma chakavu. Aliwajibu, "Chuma hii haina makosa. Mimi nakosa. Nitakata, nitachomelea tena, na bibi yangu atarudi."

Alipeleka mbuzi Busia. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, mbuzi akachinjwa, na Amulen akarudi Malaba. Okedi akalihamishia birika pembeni, akaligawa pipa kwa bati zito ili vyungu viwe viwili visivyochanganyika, kila kimoja na mirija yake, akapaka upande mmoja kijani na mwingine nyekundu. Wakwe wasikutane tena.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 2023, aliirudisha uwanjani. Hakunywa. Alisimama mbali, mikono nyuma, jasho linamtoka. Kama wakwe wangekataa, yote yangekuwa bure. Mama Atai alikuja, akalizunguka pipa lote, akachagua upande mwekundu, akanywa akiwa amempa Okedi mgongo. Halafu akamwita binti yake: "Ambia mwanaume yako, maji iko moto sawasawa." Nilimwona kaka yangu akicheka peke yake. Leo mashine zake ziko kwenye viwanja vya Malaba, Nagongera na Busia, pande zote mbili za mpaka, na sisi ndugu zake tunatembea tumeinua vichwa.

Januari 2025 alipata kiharusi. Tuliambiwa atapona, naye alijitahidi. Alipolazwa Tororo mwezi wa saba, Mama Atai hakuweza kuingia alipolala mkwe wake, basi alisimama nje ya dirisha la wodi. "Okedi, wewe nakula?" Naye akajibu, kwa ulimi mzito, "Nakula, mama." Alikuja kila juma kuuliza hivyo. Kaka yangu alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 3 Agosti 2025, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mjane, Amulen, watoto wanne, Paddy, Dorah, Ecweru na Aguti mdogo, wajukuu wawili, na sisi ndugu zake. Jana nilimsomea Mama Atai karatasi hii, mahali palipoandikwa "mama mkwe". Akaniambia, "Futa hiyo. Andika mama."

Marehemu ameacha mama wawili: Mama Aguti na Mama Atai.

Mungu amlaze Okedi wetu kwa amani.