Pua na Gari Lililokanwa

Wasikilizaji wapendwa, leo mtasikia sauti moja tu. Ile ya pili, iliyozoea kunikatiza kabla sijamaliza sentensi, imenyamaza. Mwenzangu wa kipindi cha magari, tuliyemwita Pua, ametutoka. Moyo ulimsimama nyumbani kwake, akifunga kamba za viatu aje kazini.

Tulimwita Pua kwa sababu alikuwa mtu wa kunusa. Alianza kama fundi wa breki, akaishia kwenye maikrofoni, na njia nzima hakumwamini mtu. Mvua ikinyesha, yeye anauliza nani kanufaika. Binti yake anakumbuka: "Siku niliyomleta mchumba nyumbani, baba hakumsalimia kwanza. Alitoka nje kukagua matairi yake."

Sasa sikilizeni kisa kilichomnyima usingizi.

Kuna kampuni moja ya magari ya kifahari, jina tuliache. Sifa yake yote ni magari ya chini, ya mbio, yanayokufika kiunoni. Kampuni hiyo iliapa kwamba haitaunda gari la juu, la kubeba watoto na mizigo. Haitaunda kamwe! Pua akasema hapa hapa redioni: "Wanaliunda. Na hawatalitafutia jina jipya, nawajua. Watafufua jina la lile gari lao la zamani la milango miwili, walivishe jitu hili. Mnunuzi alipie ujana wake mara ya pili."

Simu zikamiminika. Umejuaje? "Nimenusa," akajibu, akacheka.

Kicheko kile kikazaa balaa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa muuzaji katika duka la kampuni hiyo hiyo, na kila Jumapili alikula kwa Pua. Meneja hakuhitaji ushahidi zaidi. Alimwita ofisini, akamwambia akae nyumbani mpaka wajue nani kavujisha siri.

Nyumba ya Pua ikapoa. Mkewe alimuuliza: "Umemtoa kaka yangu kafara ili usikike redioni?" Chakula alimwandalia. Maneno alimnyima.

Hata shemeji mwenyewe alianza kujishuku. Ameniambia: "Nilijihoji kama polisi. Labda niliropoka. Labda nilitaja lile gari ndotoni, maana kochi lao nimelilalia sana."

Pua akaenda kwa meneja kumtetea. Meneja akamtazama juu mpaka chini. "Shemeji anamsafisha shemeji," akasema. "Nenda zako."

Basi Pua akarudi hewani. Safari hii hakucheka. "Siri nimepewa na duka lenyewe," alisema. "Pale mbele kuna kizimba cha kioo wanachowekea gari la maonyesho. Dari lake lilikuwa linanifika kidevuni. Mafundi wamelivunja, wamelipandisha hadi juu ya kichwa changu. Gari la kiunoni, dari la namna hiyo la nini? Nendeni mkajipime."

Na watu walikwenda. Walisimama kwenye kile kioo, warefu kwa wafupi, wakijipima. Meneja akatundika pazia. Pua akauliza hewani: "Kama hamna kitu, pazia linafunika nini?" Haikupita muda, shemeji akarudishwa kazini. Kimya kimya, bila kuombwa radhi.

Gari lilizinduliwa baada ya mazishi. Ni la juu, kama alivyosema. Kwenye jina alikosea: wamelipatia jina jipya kabisa, lisilo na maana katika lugha yoyote ninayoijua. Binti yake ananiambia, "Angekuwepo angesema wamelibadilisha baada ya kumsikia."

Nilipokwenda kuwapa pole, shemeji alikuwa ameketi kando ya dada yake. Mjane akavuta pumzi, akasema: "Kaka, kuna jambo alinikataza nisikwambie. Jumapili moja alitaja gari la juu mezani, kwa utani tu. Wewe ukaacha kutafuna. Kesho yake ndipo alipokwenda kulizunguka duka lenu."



"Kwa hiyo ni mimi," shemeji akasema.

"Si wewe. Ni shavu lako. Alisema mtu aliyetunza siri kwa uaminifu asije akajua kwamba shavu lake lilimsaliti."

Shemeji akacheka. Kisha akajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika.

Kwako mama uliyefiwa, kwako binti, kwako shemeji: poleni. Huu ni msiba wetu pia. Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Kushuku ni rahisi, kila mtu anaweza. Lakini ukishaujua ukweli wa mwenzako, na ukweli huo unaweza kumvunja, utautangaza, au utamsitiri?