Marehemu Ngadiran Martosuwito na Tuta Alilolisogeza Vidole Vinne Kila Msimu

Ndugu, jamaa na majirani wote mliofika,

Jumanne alfajiri, saa kumi na moja, Mzee Ngadiran Martosuwito alikunywa kahawa yake, akala ndizi ya kukaanga iliyobaki jana yake, akamwuliza binti yake Ratmi nyundo iko wapi. Nusu saa baadaye hakuwa hai. Leo ni Alhamisi, na asubuhi hii glasi yake ya kahawa imewekwa tena mezani kabla aliyeiweka hajakumbuka. Wasifu huu umeandikwa na familia ambayo bado haijaamini. Palipo na neno lililopinda, mtusamehe.

Marehemu alizaliwa hapa Tegalrandu, kaskazini mwa mji wa Ngawi, siku ya Alhamisi, siku ya Pon katika juma letu la soko la siku tano, tarehe 12 Agosti 1954. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sodikromo na mkewe Mbah (bibi) Ginah. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Kasinem, na hao wawili ndio pekee waliobaki hai katika watoto watano. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba Ngadiran alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburutika chini, na bado hakutaka kumshusha.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1961 hadi 1967. Alipenda hesabu kuliko masomo yote. Mwalimu wake aliwahi kumpa kamba yenye mafundo akapime bustani ya shule. Alirudi jioni akiwa amepima bustani, uwanja, kisima na kibanda cha mwalimu, na kumweleza mwalimu kwamba kibanda chake kimeingia uwanjani kwa hatua mbili. Aliendelea na shule ya kati kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1969 mama yake alipougua.

Tangu hapo jembe halikumtoka mkononi. Kuanzia 1988 hadi 2006 alikuwa pia msimamizi wa maji wa kijiji, kazi ya kugawa maji ya mfereji kutoka jaruba hadi jaruba. Wengi mliopo mnajua jinsi kazi hiyo inavyovunja urafiki. Katika miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kumshitaki kwa karani wa kijiji kwamba kampunja maji.

Tarehe 3 Juni 1977 alimwoa Suliyah, binti wa kijiji cha pili, na siku hiyo akapewa jina la utu uzima, Martosuwito. Walijaliwa watoto watatu: Wiyono, Endah na Ratmi. Mama Suliyah alitutoka tarehe 9 Machi 2016 kwa ugonjwa wa kisukari. Alikuwa mcheshi, na utani wake mmoja sasa tunauona kwa macho mengine. Kila mavuno yalipopungua, Mzee alisema, "Panya hao." Mama Suliyah alijibu huku akipepeta mchele, "Panya wa nyumba hii ana miguu miwili na anavuta sigara." Watoto walicheka. Walidhani anamtania baba yao kwa kula sana.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu maisha ya marehemu yalisimama juu ya jambo hili, na kifo chake kilitokea juu yake.

Mzee Sodikromo alifariki mwaka 1990. Baada ya siku elfu moja za maombolezo kutimia, mwaka 1993, wazee walikaa kugawa jaruba lake: upana mita arobaini na mbili, urefu mita mia moja. Waligawa kwa desturi yetu. Mwanamume hubeba mzega, vikapu viwili, na mwanamke hubeba kikapu kimoja mgongoni; basi kaka akapata mita ishirini na nane na dada kumi na nne. Kasinem alikuwa mjane wa mwaka mmoja mwenye binti mchanga. Aliitikia. Ngadiran naye aliitikia mbele ya wazee, kwa kuwa kukataa kungekuwa kumwaibisha baba aliye kaburini. Tuta likajengwa, na jiwe la mpaka likazikwa chini yake.

Msimu uliofuata alimwambia dada yake, "Wewe mgongo unakusumbua. Tuta niachie mimi, pande zote mbili."

Mnajua kazi hiyo. Kabla ya kupandikiza miche, mkulima hukwangua majani na udongo wa zamani ubavuni mwa tuta, kisha hulipaka tope jipya. Ngadiran alikwangua upande wa dada yake, akapaka tope upande wake mwenyewe, na tuta likasogea kuingia kwake. Vidole vinne. Msimu uliofuata, vidole vinne tena. Baadhi ya watu walimwona ameinama na jembe upande wa Kasinem, wakanong'ona kwamba anakula shamba la dada yake. Aliendelea kukwangua.

Kasinem mwenyewe hakutambua. Wanawake wa kupandikiza walimwambia mara nyingi, na Bi Painah, kiongozi wao, alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye tope: "Mbah Nem, jaruba lako linanenepa! Zamani tulimaliza kabla ya chai. Leo tumeshakula cha mchana na bado tumo humu humu!"

"Mnachelewa kwa sababu mnapanda kwa midomo," Kasinem alijibu, na kila mtu akacheka, na tuta likaendelea kutembea. Mavuno yalipoongezeka aliishukuru mbegu mpya. Na kila Ngadiran alipomaliza kupaka tope, Kasinem alimkaribisha barazani kwa wali na tempe ya kukaanga, ile ya soya iliyochachushwa, akimwita Kang, kaka mkubwa. "Kang, unanipaka tope bure kila msimu, unatafuta nini hasa?" "Tempe," Ngadiran alisema, akaongeza pilipili.

Misimu tisini, mitatu karibu kila mwaka, ilipita namna hiyo.

Mwaka huu ikaja habari ya hati za mashamba. Wapimaji wa serikali walitangaza kwamba watapima mashamba yote ya Tegalrandu Jumanne tarehe 15 Oktoba, kila mwenye shamba aweke vigingi vyake, na majirani wa mpaka watie sahihi pande zote mbili. Wakati huo huo madalali wenye viatu visafi walikuwa wameanza kutembea matutani, wakisema kiwanda kinakuja na kila mita itakuwa na thamani. Wiyono, anayechomelea vyuma Surabaya na kuishi na mke na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, alisikia habari hizo kama mtu yeyote mwenye watoto angezisikia.

Alifika Jumamosi tarehe 12 na utepe wa kupimia. Shamba la baba yake halikuwa mita ishirini na nane. Lilikuwa ishirini na moja. Alichukua nondo, akaingia katika jaruba la shangazi yake, akadunga tope mpaka nondo ikagonga jiwe la mpaka la babu yake, mita saba ndani. Kasinem alikuwa pale akifukuza ndege kwa kamba ya makopo. Wiyono alimwita mwizi mbele ya watu, na tunaandika hivyo kwa idhini yake mwenyewe.

"Kigingi kitakaa kwenye jiwe la babu!" alisema. "Shangazi, umekula tuta mpaka umeshiba!"

Mzee Ngadiran alikuwa amesimama hapo hapo. Alifungua mdomo, akaufunga, akarudi nyumbani. Katika maisha yake yote hilo ndilo kosa pekee ambalo dada yake alimlaumu kwalo.

Jumatatu alasiri alimfuata. Kasinem alikuwa amefunga mlango, na yeye aliketi chini barazani akazungumza kupitia ukuta wa mianzi.

"Nem, fungua."

"Kamfungulie mwanao aliyeniita mwizi."

"Mwizi si wewe. Mwizi ni mimi."

"Umeiba nini wewe, Kang?"

"Nimejiibia."

Akamweleza yote. Vidole vinne kila msimu. Alifika katikati kabisa mwezi wa saba mwaka huu, akapumzisha jembe, akawa anawangoja wapimaji. Kasinem akafungua mlango kwa kishindo.

"Miaka thelathini na moja! Unanipaka tope mbele ya macho yangu, na mimi nakukaangia tempe kama mjinga!"

"Tempe ilikuwa nzuri."

"Mbona Jumamosi hukusema?"

"Mdomo ulikufa ganzi. Kesho nitasema mwenyewe mbele ya wapimaji na mbele ya Wiyono. Wewe nyamaza. Ukisema wewe watasema umejitungia."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alikaa uani akipaka rangi vigingi sita vya mianzi. Ratmi alimtania, "Bapak, unachora au unaandika barua?" Akajibu, "Barua fupi. Majina mawili tu."

Kuhusu afya yake, marehemu hakuwa mtu wa kuugua. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo aliona vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo alfajiri ya Jumanne macho yake hayakumdanganya. Taa ndiyo iliyomdanganya.

Shamba lake lilikuwa limezungushiwa waya wa umeme wa panya, kama mengi hapa kwetu. Waya huo aliuleta Wiyono mwezi wa nane, kwa kumhurumia baba yake ambaye miaka yote aliwalalamikia panya. Ratmi huwasha umeme jioni na kuuzima saa kumi na moja na nusu alfajiri, na balbu iliyo juu ya nguzo ya mwanzi shambani huwaka kuonyesha kwamba waya una moto. Alfajiri hiyo balbu ilikuwa imeungua. Mzee aliona nguzo iko giza, akaamini kwamba umeme umezimwa, akashuka na nyundo na vigingi vyake. Alifika mpaka kigingi cha tano, ndipo akagusa waya. Ratmi alizima umeme kwa wakati wake wa kila siku, akamletea baba yake kifungua kinywa, akamkuta amelala kando ya tuta. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Saa tatu wapimaji walifika na vyombo vyao, wakakuta kijiji kizima shambani. Waliahirisha hadi Jumanne ijayo.

Jana mchana, uani hapa, Kasinem alishindwa kunyamaza. Alisema yote aliyoambiwa kupitia ukuta wa mianzi. Wiyono, macho yamemvimba, alimjibu, "Shangazi, maiti hawezi kubisha." Kila aliyekuwapo alijua kwamba sahihi ya mpaka sasa ni ya Wiyono badala ya baba yake, na kwamba bila hiyo mita saba Kasinem angebaki na theluthi ya shamba la baba yake, kama siku ile ya wazee.

Ratmi alimshika kaka yake mkono, akampeleka shambani. Jumanne kila mtu alimtazama Mzee tu, hakuna aliyevisoma vigingi, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaribia pale. Vigingi vitano vilikuwa vimesimama juu ya tuta lilipo sasa, si kwenye jiwe, vimenyooka kama alivyopima bustani ya shule. Upande wa magharibi vimeandikwa kwa mkono wake NGADIRAN, upande wa mashariki KASINEM. Cha sita kilikuwa topeni, karibu na nyundo.

Wiyono alivisoma kimoja kimoja, vyote vitano, ingawa vyote vilisema kitu kile kile. Kisha akaketi tutani. "Alisema panya," alimwambia dada yake, "nikamletea waya."

Kasinem alikuwa amewafuata. Alimkuta hapo, akamfuta tope usoni kwa ncha ya kitambaa chake cha begani, akamwambia, "Inuka. Baba yako alitudanganya sote wawili. Mimi miaka thelathini na moja, wewe umeanza juzi tu." Jioni Wiyono aliukunja waya wote kwa mikono yake na kuukatakata. Anaomba kila mwenye waya kama huo auondoe kabla ya Jumapili, na amejitolea kuwasaidia.

Familia inawashukuru majirani Waislamu waliochimba kaburi tangu asubuhi, kina mama waliopika, na mchungaji na kanisa letu la Tegalrandu.

Marehemu ameacha dada mmoja, Kasinem, watoto watatu, Wiyono, Endah aliyefika leo asubuhi kutoka Kalimantan, na Ratmi, wakwe watatu, wajukuu saba, na mpwa mmoja.

Sasa wajukuu watapita chini ya jeneza kama ilivyo desturi, kisha tutaondoka. Msafara hautakwenda makaburini moja kwa moja. Utapita njia ya shambani na kusimama penye tuta. Hapo Wiyono atapigilia kigingi cha sita, shangazi yake akiwa amekishika, na karani wa kijiji atashuhudia. Tunaomba mtakaokanyaga tutani mkanyage taratibu. Tope lake bado ni la mwezi wa saba.

Baada ya hapo tutamlaza Mzee Ngadiran kando ya Mama Suliyah. Apumzike, kazi yake imefika katikati.