Safari Aliyoiahirisha Romanus Mgaya

Ndugu Romanus Mgaya ameitumikia hospitali yetu miaka tisa, na alitakiwa kustaafu tarehe 30 Juni 1999. Amefariki tarehe 11. Hata kuagwa ameshindwa kusubiri! Kamati imeniomba niandike maneno mazuri kwa kuwa tulikaa naye ofisi moja. Nitaandika ninayoyajua.

Kabla hajawa mshauri nasaha alikuwa meneja wa bendi pale Makambako, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye magitaa mawili akajiita mkurugenzi. Alivaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Barua na simu zote za maandishi za wanamuziki zilipitia sanduku lake la posta, na yeye ndiye aliyeamua nani apewe lini.

Mwaka 1988 iliingia simu ya maandishi ya mwimbaji wake, Hyasinta: mama yake amefariki Lugarawa. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi kulikuwa na dansi. Meneja akaitia mfukoni, akampa Jumapili. Hyasinta alifika nyumbani akakuta kaburi. Kaka zake wakasema alichagua dansi, na tangu hapo hawamwiti kwenye kikao chochote cha ukoo.

Bwana huyohuyo, bendi ilipokufa, akaenda kozi, akaja kwetu kuwafundisha wafiwa namna ya kuomboleza. Jamani! Wagonjwa walimpenda, sikatai. Mama Dorosela, mmoja wa wafiwa wake, anasema bila yeye asingekula tena. Alikuwa hodari wa kuwaambia watu waende wakapatane. Lakini Hyasinta alipomfuata, akamwomba aende Lugarawa akaseme ukweli, mheshimiwa alikuwa na semina. Mwaka uliofuata, mvua. Kisha goti. Machi mwaka huu alikiri kwangu yote kwa mdomo wake, akaapa kwamba akistaafu tu atapanda gari. Nikamwambia gari lipo kila siku. Akacheka. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema.

Wasifu huu utasomwa kanisani. Kwaya ya Lugarawa imealikwa, na kaka zake Hyasinta wamo. Basi nasema alichopaswa kusema yeye: kaka zangu, dada yenu hakujua. Simu ilikuwa mfukoni mwa Romanus.

Romanus, asante kwa wote uliowafuta machozi, pumzika. Heri zetu nyingine zote leo tunampa Hyasinta: asafiri salama, apokewe kwao, aonyeshwe mahali pa kukaa.

Muuguzi Priska